Kanuni ya Jibu la Kwanza

Nchi yenyewe siitaji jina, si kwa woga, ila kamati ya kuibadilishia jina haijamaliza vikao vyake na mimi sipendi kuonekana nimeitangulia. Itoshe kujua kwamba ipo, ina bendera, ina foleni, na ina Wizara ya Hali za Watu, ambayo ndiyo mwajiri wangu. Mimi ni mdodosaji daraja la tatu. Napita nyumba kwa nyumba nikiuliza watu wanajisikiaje, kisha naiambia Serikali. Ni kazi nzuri. Nimeichoka, lakini ni kazi nzuri.

Zamani, kabla sayansi haijakomaa, wizara ilikuwa ikifanya mahojiano. Mdodosaji alikaa na mtu, akamuuliza swali moja, kisha akanyamaza na kusikiliza. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana watu wetu ukiwauliza ukanyamaza, wanasema. Wanaanza na bei ya mafuta ya taa, wanapita kwa mume, wanafika kwa mtoto aliyefelishwa mtihani ambao karatasi zake zilipotea kabla ya kusahihishwa, na mwishowe wanatoa jambo ambalo hawajawahi kumwambia mtu, na hapo mdodosaji naye anaanza kulia. Wenzangu kadhaa waliacha kazi. Mmoja alioa hukohuko alikokwenda kuhoji na hatujamwona tena.

Taarifa ya mahojiano hayo ilipelekwa Ikulu kwa gari la mizigo. Mheshimiwa Mkuu wa Nchi akaagiza ifupishwe. Wataalamu wakafupisha, wakafupisha, hadi ikabaki sentensi moja: "Watu wamechoka." Mheshimiwa aliisoma, akauliza ni nani aliyewachosha. Kwa kuwa swali hilo halikuwa na jibu salama, mahojiano yakapigwa marufuku kuanzia siku hiyo.

Ndipo akaletwa Profesa Makeke.

*

Profesa Makeke alisomea saikolojia ng'ambo kwa miaka mingi, akarudi na shahada pamoja na koti zito ambalo halivui hata jua likiwa la utosini. Serikali ilimpa cheo cha Mkurugenzi Mkuu wa Nafsi za Taifa. Siku ya kwanza alitukusanya wadodosaji wote ukumbini, akatutazama kwa muda mrefu, akakohoa.

"Ndugu wadodosaji," alisema, "mahojiano ni bomba lililopasuka. Dodoso ni bomba lenye koki. Je, sisi kama taifa tutaendelea kukinga ndoo kwenye mpasuko?"

Tukasema hapana. Wengine walisema ndiyo, lakini walikuwa nyuma na hawakusikia swali.

"Binadamu," akaendelea, "ana jibu la kwanza na jibu la pili. Jibu la kwanza linatoka moyoni. Jibu la pili limeshapita kichwani, na kichwani, ndugu zangu, mnajua wenyewe kuna nini. Kwa hiyo kuanzia leo tutafuata Kanuni ya Jibu la Kwanza. Unauliza. Unajibiwa. Unaandika. Unafunga. Unashukuru. Unaondoka."

Makofi yakapigwa. Nami nilipiga, maana mtu wa protokali alikuwa ameanza kututazama mmoja mmoja.

Sasa, msomaji anajua tulivyo. Huku kwetu mtu akiulizwa habari, husema nzuri. Hiyo ni adabu, tunafundishwa tukiwa bado tunanyonya. Ukifika msibani, jeneza likiwa ukumbini, unauliza, "Habari za hapa?" na mfiwa anakujibu, "Nzuri, karibu, tumefiwa." Nyumba ikiwaka moto, mwenye nyumba atakuambia, "Nzuri tu, jirani, ila naomba ndoo." Nzuri hutangulia ili mgeni asishtuke, habari yenyewe hufuata nyuma yake. Hakuna mtu aliyewahi kudanganyika kwa hilo, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuondoka katikati.

Wataalamu walikaa miezi kadhaa kwenye hoteli ya kando ya ziwa wakitunga swali la kwanza la dodoso. Likatoka hivi: "Habari za hapa?" Majibu ya kuchagua yalikuwa manne: Nzuri, Nzuri sana, Nzuri mno, Nyingine.

Mwenzetu mmoja, mama mtu mzima aitwaye Bi. Mwatabu, alinyoosha mkono. "Samahani, Profesa. Si kila mtu atasema nzuri kwanza?"

"Hasa!" Profesa akasema, uso umemng'aa. "Sasa umeanza kuielewa sayansi."

Bi. Mwatabu akashusha mkono. Alikuwa amebakiza muda mfupi kustaafu.

Siwezi kusema dodoso halikuwa na umakini. Lilikuwa la siri kabisa: juu kabisa paliandikwa kwamba jina la mhojiwa halitajulikana na mtu yeyote, na chini yake palikuwa na nafasi ya kuandika jina kamili la mhojiwa, la baba yake, na la mjumbe wa nyumba kumi, ambaye alipaswa kusimama hapohapo kuhakikisha siri inatunzwa. Lilikuwa pia na swali la kupima ukweli: "Je, umewahi kusema uongo?" Nchi nzima ilijibu hapana. Profesa alitangaza redioni kwamba kwa kuwa wahojiwa wote wamethibitika hawajawahi kusema uongo, basi majibu yao mengine hayana shaka.

*

Mimi nilipangiwa kata ya Machimboni. Ni mahali pa mawe. Watu wa huko walikuwa wakichonga mawe kutoka ubavuni mwa mlima, hadi siku mlima ulipoporomoka na kuwafukia waliokuwa zamu ya asubuhi. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa kwamba mlima ulikuwa umekaa vibaya, ikaupa onyo. Shughuli ya kutafuta watu ilitangazwa redioni kuwa imekamilika kwa mafanikio wakati wanakijiji wakiwa bado wanachimba kwa mikono.

Aliyetolewa hai ni mmoja tu, Bwana Mavura.

Nilifika kwake na mjumbe, Mzee Kipande, mtu mwenye kofia ya chama na haraka nyingi. Uani tulimkuta mke wa Mavura, Bi. Sikudhani, akipepeta mchele. Nikafungua dodoso.

"Habari za hapa, mama?"

"Nzuri tu, baba, karibuni. Ila huyu mwenzangu, Baba Tunu..."

Nikaandika, nikafunga. "Ahsante sana, mama."

"Ahsante ya nini? Sijamaliza."

"Nimeshasikia, mama."

"Umesikia nini, na mimi sijasema?"

Aliweka ungo chini na akaendelea kusema, na mimi, kwa kuwa dodoso lilikuwa limefungwa na nilikuwa nimechoka kusimama, nikakaa kwenye kinu kilicholazwa nikamsikiliza. Kisheria sikuwa nahoji. Nilikuwa napumzika.

Alisema mumewe tangu atolewe chini ya mawe haingii chini ya paa lolote. Si nyumbani, si msikitini, si dukani. Analala kwenye mkeka kando ya ukuta. Mvua ikinyesha analowa, na hata mwavuli anausukuma. Masika yaliyopita alipata nimonia, akakaribia kufa, na hospitali ya wilaya ikashindwa kumlaza kwa sababu wodi ina paa. Daktari alimwambia Bi. Sikudhani waziwazi kwamba mapafu hayo hayatahimili masika mengine.

"Ila nesi anamsaidia," akasema, na sauti yake ikabadilika. Kata ile ilikuwa na kituo cha nasaha, chumba kimoja chenye benchi, na nesi mmoja aitwaye Yustina. Kila Alhamisi Bwana Mavura alikwenda huko kwa miguu. Mwanzoni alikaa ng'ambo ya barabara, nesi akatoa kiti chake akakaa naye huko. Baadaye akasogea hadi uani. Halafu hadi kizingitini. "Alhamisi iliyopita," Bi. Sikudhani akasema, "aliingiza mguu ndani. Mguu mmoja, mpaka kwenye goti. Nesi anasema kabla ya masika ataingia mzima. Nami nimeshamwekea kitanda karibu na mlango."

Mzee Kipande alitazama saa. Ikabidi nimwendee Bwana Mavura mwenyewe, aliyekuwa amekaa juani, mikono juu ya magoti.

"Habari za hapa?"

Alinitazama. "Mbaya," akasema.

Kalamu ilinisimama. Nimeuliza swali lile maisha yangu yote, kazini na nje ya kazi, na sikuwahi kusikia neno hilo mahali pake. Hata mbuzi aliyekuwa karibu alionekana kushangaa.

"Hajasikia," Mzee Kipande akasema haraka. "Ana maana nzuri."

"Nina maana mbaya," akasema Bwana Mavura, akageuka kutazama mlima.

Kanuni ni kanuni. Lilikuwa jibu la kwanza. Nikaandika kwenye Nyingine.

*

Matokeo yalipotoka, nchi ilisherehekea. Nchi nzima ilikuwa nzuri, nzuri sana au nzuri mno, isipokuwa mtu mmoja. Mheshimiwa Bashasha, Waziri wa Hali za Watu, akatangaza kwamba taifa lisilo na huzuni halihitaji vituo vya nasaha, hivyo vitafungwa vyote na kugeuzwa maghala ya kuhifadhia madodoso. Manesi wa vituo hivyo wangepangiwa kazi nyingine, hasa za kuhesabu madodoso.

Lakini mwanasheria wa wizara, kijana mgeni aliyekuwa bado na tabia ya kusoma sheria, aligundua kifungu kinachosema kituo hakifungwi iwapo katika kata yake yupo mkazi hata mmoja ambaye hali yake imeandikwa si nzuri. Bunge lilikipitisha kifungu hicho baada ya chakula cha mchana, bila kuamka. Kwa hiyo vituo vyote vya nchi vikafungwa, kikabaki cha Machimboni, kwa ajili ya neno moja la Bwana Mavura.

Nilipeleka habari hizo mimi mwenyewe. Nesi Yustina, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alicheka kwa uchovu.

"Kwa hiyo nikimponya, wananifungia," akasema. "Nisipomponya, nabaki. Wizara imenipangia vizuri."

Bi. Sikudhani hakucheka. "Watakuja lini kumuuliza tena?"

"Mwezi ujao," nikasema. "Kwa uhakiki."

"Kabla ya masika," akasema. Kisha akasema jambo ambalo naamini hakuna mke aliyewahi kulisema juu ya mumewe kwa mapenzi kama yale. "Basi namwombea asipone upesi. Abaki hivyohivyo mpaka mpite. Mkishaondoka ndipo apone."

Roho iliniuma.

Wizara nayo haikulala. Iliunda Kikosi Kazi cha Kumfurahisha Bwana Mavura. Ikamletea redio, akaizima. Ikamletea mchekeshaji maarufu, akachekesha uani asubuhi hadi adhuhuri, kijiji kizima kikavunjika mbavu, na Bwana Mavura akamwonea huruma akamkaribisha uji. Ikamletea Profesa Makeke, akiwa ndani ya koti lake, aje amweleze kisayansi.

"Bwana Mavura," Profesa alisema, jasho likimtiririka, "wewe ni hitilafu ya kitakwimu. Je, unajisikiaje kuwa hitilafu?"

"Mbaya," akajibu Bwana Mavura.

Profesa akageuka kwangu akaninong'oneza kwamba mtu huyu ana msimamo wa hatari.

*

Siku ya uhakiki ilikuja na msafara. Waziri alikuja, Profesa alikuja, bendi ya tarumbeta ilikuja, na fundi mmoja mwenye kufuli jipya alikuja akakaa kando ya kituo cha nasaha, ng'ambo ya barabara, kusubiri matokeo. Turubai kubwa lilitundikwa kwa ajili ya wageni, kisha likateremshwa, kwa sababu mhojiwa asingeingia chini yake, na sheria inamtaka mhojiwa awe huru. Waheshimiwa wakakaa juani. Sijawahi kuona saikolojia ikifanywa kwa mateso kiasi kile.

Bi. Sikudhani alisimama nyuma ya mumewe. Nesi Yustina alikuwa karibu naye. Aliniambia pembeni kwamba Alhamisi ya juzi Bwana Mavura alikuwa ameingia ndani kwa miguu yote miwili, akahesabu mpaka kumi, akatoka akitetemeka na kucheka. "Alikuwa anacheka," nesi akarudia. Hakujua aseme kwa furaha au kwa hofu.

Waziri Bashasha alianza. Alihutubia kwanza kuhusu furaha, historia yake tangu uhuru na changamoto zake, kisha akainama kwa madaha. "Ndugu mwananchi Mavura! Kwa niaba ya Serikali sikivu, nakuuliza: habari za hapa?"

Bwana Mavura alimtazama, asijibu.

Profesa akajaribu. "Kwa kipimo cha moja hadi nne, ambapo moja ni nzuri na..."

Kimya. Mabega ya Bi. Sikudhani yalilegea kidogo, nikaona anapumua. Kimya kilikuwa salama. Kimya kingeandikwa kwenye Nyingine.

"Mwite yule aliyemwandika mwanzo," Waziri akasema kwa hasira, akijipepea kwa hotuba. "Amuulize yeye. Na jibu la kwanza ndilo hilohilo, tuondoke."

Nikasogea. Nilikuwa nimeshika dodoso, lakini kwa jua lile na uchovu ule nililisahau mkononi. Nilimwona tu mtu mzima aliyekonda, aliyenyoa ndevu zake siku hiyo, na ambaye nilikuwa nimekaa uani kwake. Nikamwamkia kama ninavyomwamkia mjomba wangu.

"Shikamoo, Baba Tunu."

Alinyanyua macho. "Marahaba, mwanangu," akasema.

Watu wakagutuka. Tangu mlima uporomoke hakuwa ameitikia shikamoo ya mtu. Bi. Sikudhani alishika mdomo kwa mikono miwili. Hapo ningenyamaza, na mpaka leo najua kwamba ningenyamaza. Lakini salamu zetu zinajiendesha zenyewe, ukishaanza huwezi kukatisha.

"Habari za tangu siku ile?"

"Nzuri," akasema Bwana Mavura.

Tarumbeta zikalia. Waziri akaruka akamkumbatia Profesa, koti na yote. Katibu akachukua dodoso mkononi mwangu, akaweka alama, akapiga muhuri. Mzee Kipande akaanzisha wimbo wa chama. Magari yakawashwa. Kule barabarani nilimwona fundi akinyanyuka, akijikung'uta suruali, akielekea kwenye mlango wa kituo. Nesi Yustina alivua miwani yake, akaondoka kumfuata bila kukimbia, kwa sababu hapakuwa na la kukimbilia.

Ni mimi tu na mkewe tuliosikia kwamba Bwana Mavura alikuwa hajamaliza.

"Nzuri," alisema, "ila kule chini ya mawe Hamadi alikuwa ananiita. Alikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Nilimsikia mpaka saa za adhuhuri. Alikuwa anauliza kama kuna mwanga upande wangu. Mimi nilikuwa nauona mwanga, kidogo, kwenye ufa. Nikamwambia haupo. Sijui kwa nini nilimwambia haupo. Labda niliona nikimwambia upo atajisumbua kuja na mawe yatamwangukia. Labda niliutaka uwe wangu. Halafu akaacha kuuliza."

Alisema hayo kwa sauti ya kawaida, polepole, katikati ya kelele za tarumbeta. Akaeleza mawe yalivyokuwa yamekaa juu ya kifua chake. Akaeleza harufu. Bi. Sikudhani alikuwa amekaa chini mavumbini, amemshika mguu, machozi yanamtiririka, hamkatizi. Maisha yangu yote ya kazi sijawahi kusikia mtu akisema vile, na sikuwa na mahali pa kuandika.

Dereva wa msafara alinipigia honi. Akapiga tena.

Bwana Mavura akajifuta uso kwa kiganja. Alionekana amechoka, lakini uchovu wa mtu aliyetua mzigo nusu ya safari. Alimtazama mkewe, akamtazama na mimi, akatabasamu kwa aibu.

"Basi, isiwe nawachosha," akasema. "Yaliyobaki nitamwambia nesi, Alhamisi."

Kufuli tulilisikia likibanwa kule ng'ambo. Bi. Sikudhani alifuta macho kwa ncha ya kanga yake, akapangusa vumbi kwenye mguu wa mumewe.

"Haya, Baba Tunu," akasema. "Alhamisi."